Robo ya Kidonge Madhabahuni

Nimewahi kusema mbele ya kanisa zima kwamba mke wangu ni mwema na anapika vizuri. Mimi ni mwanamke, nina mume na watoto watatu. Hakuna aliyecheka. Nilikuwa natafsiri mahubiri, na kwetu Uvira mtafsiri wa mahubiri hasemi "yeye anasema." Mhubiri akisema mimi, nawe unasema mimi. Akiruka, unaruka. Akilia, unatafuta leso. Nimekuwa mlevi aliyeokoka, mwanajeshi aliyetupa bunduki, na mzee aliyefufuka kutoka chumba cha maiti, halafu Jumatatu narudi shuleni kufundisha Kifaransa.

Kazi hiyo ya Jumapili naipenda kuliko nilivyowahi kukiri. Ndiyo maana niliyaficha haya yote.

Vidonge nilianza kuvimeza baada ya kumzika mama. Matangani sikulia, na miezi iliyofuata sikufanya lolote: sikupika, sikusahihisha madaftari, sikuoga mpaka mume wangu aniwekee maji. Dokta wa kituo cha afya alisema huzuni ya namna hiyo ni ugonjwa, akaandika dawa. Zilinisaidia. Nasema hivyo wazi kwa sababu watu wengi hupenda hadithi ambamo dawa ndiyo adui. Baada ya mwaka na nusu nilikuwa nacheka tena, nagombana tena sokoni na wauza ndagala, dagaa wa ziwa letu, na nikaanza kuona haya kumeza kitu ambacho mtu mwenye kicheko hakihitaji. Asubuhi moja nikatupa pakiti nzima chooni. Sikumuuliza mtu.

Siku ya tatu mambo yakaanza. Kila nilipogeuza macho, kitu kilipiga ndani ya kichwa, kama unapogusa waya wa redio uliochubuka. Hakikuuma. Kilikata tu: mara sipo, mara nipo tena, na chaki iko mkononi. Kulikuwa na jasho, kichefuchefu, na ndoto ambamo mama alinihesabia majani ya sombe, kisamvu chetu, moja moja. Nililia darasani kwa sababu mwanafunzi ameandika vizuri. Nyumbani nilimrushia mume wangu mwiko kwa sababu aliuliza kama chumvi ipo. Ulimkosa. Akauokota, akauosha, akanirudishia.

Jumapili yake nilisimama pembeni ya mhubiri mmoja mgeni. Akasema neno jepesi kabisa, neema. Kifaransa chake nilikisikia, ila Kiswahili chake nilikitamka mara tatu bila kujua kama ndicho, kisha nikakaa kimya na mikrofoni mdomoni, halafu sakafu ikanijia. Wakanizunguka wakaomba. Mtu akapaza sauti kwamba pepo linatoka. Nililala pale nikisikiliza, nikawaza kwamba kama lipo, linachelewa.

Mchana mchungaji akaja nyumbani na wazee wawili. Nikawaambia ni malaria. Huku kwetu malaria ni kitenge kipana, hufunika mengi.

"Mungu asifiwe, iko malaria tu," akasema mchungaji. "Bantu walianza kusema uko na dawa ya kichwa, ile ya wazimu. Na muntu wa dawa ya kichwa, hatuwezi kumupa mikro."

Wakanywa chai, wakaenda. Mume wangu, aliyekuwa anajua kila kitu, aliwasindikiza mpaka barabarani, na aliporudi akakusanya vikombe. Mficha maradhi, kilio humfichua. Nilikuwa nimeitafsiri methali hiyo kwa Kifaransa mara nyingi, tena vizuri.

Kesho yake nilikwenda kwa dokta. Alinisikiliza huku akichezea kalamu, kisha akanikaripia kwa upole, jinsi wanavyokaripiwa walimu.

"Mama mwalimu, nani alikuambia uache? Hiyi dawa haiko ya kuacha siku moja. Weye uko juu ya mulima. Unashuka polepole. Ukiruka, utavunjika."

Akanirudisha kwenye kidonge kizima. Nilipotulia tukaanza kupunguza, yeye akipanga kiasi na wakati, mimi nikishika wembe. Kidonge ni kidogo kuliko punje ya mahindi, na kina kiburi. Nilikikatia juu ya sahani iliyogeuzwa, na nusu ikirukia chini ya kiti, mume wangu alipiga magoti akaitafuta kwa tochi ya simu. Niliutazama mgongo wake, nikampenda sana, ingawa sikumwambia. Nilikuwa bado na hasira ya jana.

Kila tuliposhuka, wiki mbili za kwanza zilikuwa mbaya, ila hazikuwa mbaya kama zile za choo. Nilijifunza kula kwanza, kutembea asubuhi kandokando ya ziwa, na kumwambia mume wangu mapema, "Leo usiniulize chumvi." Macho niliyaacha yatulie, nikawa nageuza shingo yote pamoja na mabega kama mtu mwenye jipu. Madhabahuni nilichagua msumari ukutani, pale ilipokuwa ikining'inia kalenda, nikautazama huo tu, nikamwacha mhubiri akimbie peke yake. Watu wakasema mama wa kutafsiri siku hizi amepoa. Niliwaomba wahubiri waseme sentensi fupi. Wote walikubali, na hakuna aliyezisema.

Siku moja, kwenye benchi la dokta, nilimkuta mama mmoja muuza ndagala, katika wale ninaogombana nao sokoni. Kanisani hukaa safu ya tatu. Alikuwa na bahasha ya dawa kama yangu. Tukaongea habari za mvua. Akasema amekuja kwa malaria. Nikasema hata mimi.

Nilikuwa nimebakiza robo ya kidonge kwa siku alipokuja mgeni kutoka Kinshasa. Kiswahili hakujua hata cha kuomba maji. Alihubiri vizuri, kwa jasho, na karibu na mwisho akaomba beseni. Likaletwa, likawekwa mbele. Kisha akasema, kwa Kifaransa, kwamba mwenye imani hamezi dawa, kwamba kila mwenye vidonge mkobani avilete sasa hivi avitupe humu, naye atakuwa mzima kabla ya kufika nyumbani.

Akanigeukia, akingoja.

Nikauacha msumari, nikatazama safu ya tatu. Kichwa kikapiga mara moja. Yule mama alikuwa ameweka mkoba mapajani. Alikuwa hajaelewa neno, alikuwa anangoja kwangu. Mkoba wangu mwenyewe ulikuwa kwenye benchi la mbele, na robo zangu ndani. Mchungaji alikuwa ameketi nyuma yangu, naye Kifaransa anakijua vizuri. Niliogopa.

"Mimi," nikasema, "niliwahi kuugua huzuni. Nilipewa dawa, zikanisaidia. Siku moja nikazitupa chooni."

Kanisa likasema amina. Mgeni akafurahi, akaongeza kwamba imani haiendi kwa wauguzi.

"Nilidhani ni imani," nikasema. "Ilikuwa kuona haya. Nikaanguka. Nilimrushia mwenzangu mwiko."

Watu wakacheka, wakamtazama mgeni kwa huruma. Akainua mikono akapaza sauti: tupeni, tupeni! Mimi mikono sikuinua.

"Kama unameza dawa, usiiache peke yako. Omba, kisha umuulize dokta. Nimepunguza kidogo kidogo, na Mungu hajaniacha."

Amina hiyo ilikuwa kubwa. Nyuma yangu nilisikia kiti cha mchungaji kikilia, lakini hakuna aliyekuja kuninyang'anya mikrofoni. Beseni lilibaki pale mbele, mpaka mzee mmoja akanyanyuka akatia sadaka, maana beseni mbele ya kanisa lina kazi gani nyingine. Wengine wakamfuata.

Baada ya ibada mgeni alisimama mlangoni kushika watu mikono, nami pembeni yake. Mchungaji akaja akasimama upande wangu wa pili, karibu kabisa. Yule mama wa ndagala alipofika, mkoba wake ulikuwa umefungwa. Akaushika mkono wa mgeni kwa mikono yake yote miwili.

"Papa mutumishi, pole sana na ule bugonjwa," akamwambia. "Na sasa? Unalalaka?"

Mgeni akatabasamu, akanigeukia apate Kifaransa. Mchungaji naye akanigeukia.

"Nalalaka, mama," nikamjibu yule mama. "Minye mwenyewe nalalaka sasa."

Akauachia mkono wa mgeni, akaushika wangu.