Fundi na Magogo ya Ufukweni

Kila Jumapili fundi wa kituo cha hali ya hewa cha Jan Mayen, kisiwa cha kaskazini ya mbali, humbembeleza mpishi, Torunn, amsindikize ufukweni, maana kwenda peke yako ni marufuku. Na kila Jumapili Torunn hujuta. Upepo wa barafu humchapa mashavu huku yule bwana akijikokota kwenye mchanga mweusi wa volkano, akigonga kwa vidole vyake vya grisi magogo yaliyoletwa na bahari kutoka Siberia. Anagonga, anatega sikio, anaguna, anahamia jingine.

“Hujamaliza tu?”

“Bado kidogo, dada.”

Hiyo bado kidogo yake haina mwisho. Jumapili iliyopita wimbi kubwa lilipanda ghafla. “Mfuko! Okoa mfuko wa chakula!” Torunn akapiga kelele. Fundi akaupita mbio, akakumbatia gogo lililokuwa likivutwa na maji. Mikate, jibini na chupa ya kahawa vikaenda zake.

“Una wazimu? Gogo la nini?”

“Limetoka mbali mno,” akasema, meno yakigongana. “Limeshafika, halafu lirudishwe?”

Torunn akamtukana matusi yote aliyoyajua, kisha akaingia majini na buti zake, akashika upande wa pili.