Mapambo yaliyomhamisha Mama Kulthumu

Jua la Oktoba limeshaanza kuuma, na Mama Kulthumu amekaa juu ya gunia mbele ya mlango wake, Kasungami, pembezoni mwa Lubumbashi. Anachambua vipande vya vitenge. Vyekundu anavitupa huku, vya buluu kule, na vile vilivyochujuka mpaka havijulikani rangi anaviweka kando.

Ni mabaki ya mafundi cherehani, takataka ambayo wengine huichoma. Yeye huyakata yakawa vitepe vyembamba, akavifunga kimoja kimoja kwenye mfuko wa unga uliofuliwa, mpaka mfuko unageuka zulia nene, la kukanyaga kwa miguu mitupu.

Mwanamke mmoja anasimama njiani. Ameambiwa huku kuna mama anayeshona mazulia na marido, yaani mapazia ya milango na madirisha.

"Mama, naweza kuingia nione namna ulipamba kwako?"

Mikono ya Mama Kulthumu inatulia. "Mu nyumba hamuna kitu ya kuona," anajibu bila kuinua macho. "Uniambie tu rangi yenye unapenda."

Mgeni anachungulia. Ndani kuna matofali matupu, kiti kimoja, na furushi kubwa lililofungwa kwa kamba pembeni ya ukuta. Anaaga kwa adabu, anasema atapita siku nyingine.

"Hatarudia," anasema Mama Kulthumu. "Na simulaumu. Mutu anataka aone. Ata mi ningetaka nione."

Kulthumu Ramazani ana umri wa miaka hamsini na mitatu. Babu yake alishuka kutoka Maniema na bidhaa begani, akaishia Lubumbashi, na hapo ukoo ukatia mizizi. Kazi ya kushona vipande alijifunza kwa mama yake, ambaye hakuwahi kutupa kitambaa hata kikiwa na ukubwa wa kiganja.

Kwa miaka kumi na tisa hakuwa na haja ya kueleza kazi yake kwa maneno. Nyumba ilieleza. Ilikuwa ya kupanga, vyumba vitatu katika mtaa wa Ruashi, mali ya mzee mmoja aitwaye Laurent, mstaafu wa reli anayeishi upande wa pili wa mji. Walipoingia, kuta zilikuwa nyeusi kwa moshi na ua ulikuwa tope.

Mume wake, Alimasi, ni mwashi. Alikuwa akijenga nyumba za wengine papo hapo Ruashi, na kila kazi ilipokwisha aliomba vigae vilivyovunjika, akavifunga kwenye baiskeli. Jumapili alivipanga uani, kipande kwa kipande, mpaka ua mzima ukawa majani na samaki. Mke akashika ya ndani.

Nyumba ile ilibadilika na mwaka. Baridi ya Juni ilipoingia, alitundika marido mazito ya mablanketi makuukuu na kutandika mazulia manene kuzunguka mbabula, jiko la makaa, watu wakaota moto kama wako kwenye kiota. Septemba, jakaranda zilipochanua barabarani, mazito yalishuka, yakapanda meupe mepesi yenye upindo wa zambarau, na madirisha yakaachwa wazi. Mvua ya kwanza ilikuta rido za kijani, zimeshonewa nailoni chini ili tope lisizishike.

Ramadhani ilikuwa na taa zake, makopo ya maziwa ya unga aliyoyatoboa kwa msumari yakawa kama nyota. Desemba makopo kama hayo yalikatwa na kuwa nyota za Noeli, akampelekea jirani yake Germaine, Mkatoliki, binti wa fundi wa migodi.

"Nyumba yangu ilikuwa inangojea nyota za Mama Kulthumu," anakumbuka Germaine. "Batoto banauliza, Mama Idi aliisha kuleta? Banamwita Mama Idi, hawajui jina ingine."

Mama Kulthumu anasema, "Hatukukuwa na feza ya kununua uzuri. Tulikuwa tunautengeneza siye wenyewe."

Wateja walikuja, wakaketi, wakanywa chai, wakaonyesha kidole: nataka kama ile. Kwa kazi hiyo alisomesha watoto wawili mpaka wakajitegemea.

Lakini kulikuwa na jambo ambalo hata leo likitajwa sauti yake inashuka. Kiwanja hiki cha Kasungami kilikuwa chao miaka yote hiyo. Alimasi alipewa na mtu aliyemjengea, badala ya malipo. Kila kiangazi, miezi ile mikavu ya baridi, wakati wa kufyatua tofali, alimwambia mkewe, twende tuanze, hata chumba kimoja. Na kila kiangazi mke alikuwa na jibu: ukuta wa sebuleni unataka kupakwa upya, wateja wako Ruashi, Kasungami ni porini, tungoje mwaka kesho.

"Alikuwa ananisikia," anasema. "Muntu mwingine angekasirika. Yeye alikuwa anachukua tu baiskeli, anaenda kutafuta vigae."

Desemba ya mwaka jana, siku chache kabla ya Noeli, Papa Laurent alikuja kuwasalimu, kama alivyozoea. Safari hii alifuatana na mwanawe Adrien na mchumba wa Adrien, binti mmoja mpole aitwaye Mimi. Mvua ilikuwa inanyesha. Rido za kijani zilikuwa juu, chai ya tangawizi iko motoni, na uani maji yalikuwa yameosha vigae mpaka samaki wa Alimasi wakaonekana kama wanaogelea.

Mimi alizunguka chumba akigusa vitu kwa ncha za vidole. Mama Kulthumu, akidhani amepata mteja, alimwonyesha kila kitu. Alimfungulia hata kabati, akamtolea rido za baridi na za joto, akamweleza kila moja na majira yake.

"Nilimuonyesha mi mwenyewe," anasema, kisha anachukua kitepe chekundu, anakifunga, anakaza fundo.

Januari Papa Laurent alirudi peke yake. Alikalia ukingo wa kiti na hakugusa chai.

"Mama Kulthumu," alisema, "mutoto anaoa. Nilitaka kumupa ile nyumba yangu ingine ya kule chini, bibi yake anakatala. Anasema anataka hii."

"Papa Laurent, hii ilikuwa haina ata mulango muzima tulipoingia."

"Ninajua. Weye ndiye ulifanya ikuwe nyumba. Lakini ni ya mutoto wangu. Ninawapa mpaka mwisho wa mwezi wa ine."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililowanyima hata nafuu ya kukasirika. Aliwasamehe kodi ya miezi ile yote mpaka Aprili. Walipomsindikiza getini, mzee aliinama akatazama samaki wa vigae, akasema ni kazi nzuri.

Alimasi hakusema lolote kuhusu viangazi vilivyopita. Asubuhi yake aliondoka mapema kwenda Kasungami, akaanza kuchimba msingi kwenye matope. Tofali alizikopa. Mtu aliyejenga nusu ya mtaa wa Ruashi aliinua vyumba vyake viwili wakati mbaya kuliko wote wa mwaka.

"Sijajengea mutu nyumba mu mvua ata siku moja," anasema Alimasi, mtu mrefu, mwenye saruji kwenye kucha ambayo hakuna sabuni inayoitoa. "Wateja nawakataza. Ninawaambia, ungoje kiangazi. Yangu ndiyo nilijenga mu mvua." Anaweka kiganja kwenye ukuta uliopinda kidogo karibu na dirisha, kama mtu anayepima homa ya mtoto.

Sikukuu ya Idi iliwakuta bado Ruashi, nusu ya vyombo vikiwa vimefungwa. Mama Kulthumu alikaa siku nzima akiyatazama makopo ya taa. Jioni akayatundika yote. Germaine alipokuja kula pilau alishangaa.

"Unapamba ya nani tena?" aliuliza.

"Ya Idi," alijibu.

Siku ya kuhama walibeba kilichobebeka. Rido za kijani aliziacha zinaning'inia. Mimi alikuwa ameomba azinunue. Mama Kulthumu alikataa kuuza, na alikataa kuzishusha. "Zilikuwa zimekatwa kwa kipimo cha yale madirisha. Huku zingefunika nini?"

Hadithi ingeweza kuishia hapo. Lakini Julai, baridi ikiwa kali, Mimi alimpigia simu. Alimwomba afike, kuna kazi.

Alipanda pikipiki, akaenda. Alipoingia alisimama mlangoni kwa muda mrefu. Alikuwa amejiandaa kukuta wamebadili kila kitu: rangi ya mafuta ukutani, saruji juu ya samaki. Hakukuwa na kilichobadilika. Kiti kilikuwa pale alipokiacha. Rido za mvua zilikuwa bado zimening'inia katikati ya kiangazi, kijani kimefunikwa na vumbi jekundu, na Mimi, sasa ana mimba, alikuwa amejifunga blanketi akitetemeka.

"Juu ya nini haukuzishusha?" Mama Kulthumu alimuuliza.

"Niliogopa, Mama. Niliona kama nikigusa nitaharibu. Nilipenda ikuwe vile vile niliiona ile siku."

Mama Kulthumu alivua viatu, akapanda kwenye kiti, akaanza kuteremsha. Mikono ilijua kila msumari ulipo. Alifua, akashona mazito mapya, akahamisha mbabula mahali pake, akamwonyesha binti jinsi ya kukunja za mvua zisiliwe na nondo. Chumba kikapata joto. Mimi alilia kidogo, akamlipa, akamwomba awe anakuja kila majira yakibadilika.

Usiku ule nyumbani Mama Kulthumu hakula. Alimasi alimuuliza kama wamemlipa vibaya.

"Wamelipa vizuri."

"Sasa?"

"Ile nyumba ilikuwa inaningojea," alisema. "Na mi siko yake."

Alimasi akasema neno ambalo mkewe anasema ndilo pekee lililofanana na lawama tangu wahame. "Kule ulienda ukapamba. Huku tuko miezi tatu, haujapiga ata musumari moja. Hii ndiyo yetu, Mama. Hii unaiogopa nini?"

Jibu alilipata siku nyingi baadaye, na hata sasa analisema akitazama chini. Anaogopa ikipendeza itachukuliwa. Anajua karatasi za kiwanja zina jina la mumewe. Anajua hakuna Papa Laurent wa kubisha hodi. Lakini kila anapofungua furushi la mapambo, anamwona yule binti akigusa vitu kwa ncha za vidole, na analifunga tena.

Wakati huohuo kazi inapungua. Tangu wahame wateja wanahesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na wengi ni wale wa zamani wanaomwonea huruma. Mimi alipiga tena simu Septemba, jakaranda zilipotoa maua. Hakwenda. Alimwambia achukue kitambaa cheupe, akitie mwenyewe upindo wa zambarau, na akikosea afumue aanze upya, kwa sababu hata yeye alianza hivyo.

"Nilimujibu kama mama yake," anasema. "Lakini nilipokata simu nililia. Si juu ya nyumba. Juu ya Alimasi. Ile miaka yote ingekuwa huku. Bale samaki bake bangekuwa huku."

Alimasi anapita nyuma ya mkewe na toroli. Amechimba udongo kwenye kichuguu kirefu kilichosimama mwisho wa kiwanja. Udongo wa mchwa ukichanganywa na mchanga haupasuki, anasema, na anataka kuupaka ukutani kabla mvua hazijashika. Anauliza rangi gani itakwenda juu yake, nyeupe au nyekundu. Anauliza kwa sauti ya kawaida, macho yakiwa kwenye toroli.

Mama Kulthumu anatazama njia ya vumbi, ambayo mwezi ujao itakuwa tope na hakuna pikipiki itakayokubali kufika.

"Nyeupe," anasema. "Lakini tuanze na ya ndani, ile haionekane ku njia. Mvua ikinyesha hakuna mutu atapita. Nitapamba ile miezi yote tukiwa siye wawili tu. Kiangazi kikirudi, kama nitakuwa nimezoea, nitafungua mulango."

Alimasi anasema sawa. Anashusha toroli karibu na mlango, anaingia ndani kupima ukuta.