Aliyeiinua Hapigwi

Uvumilivu wangu uliishia kwenye ofisi ya walimu hapa Kizota, kwenye harufu ya chaki na chai ya tangawizi. Mwalimu wa darasa hakuinua hata macho. "Mama Zuhura, nilimwita mwanao nimchape, akaninyooshea karatasi ya Kichina. Nikamwongezea." Viganja vya mwanangu vilikuwa vimevimba. Karatasi aliyoipeleka kuwaonyesha wenzake ilikuwa imefungiwa kabatini.

Si ya Kichina. Ni ya Kijapani, na ni ya Babu yangu mzaa baba, aliyepelekwa Burma na jeshi la Waingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Ndege za Waingereza ziliangusha karatasi kama hizo msituni, kuwaambia askari wa Kijapani wajisalimishe. Mmoja akatoka kwenye mianzi, mifupa mitupu, ameiinua juu. Babu akashusha bunduki, akampa maji, karatasi akaitunza.

Mimi niliijua karatasi hiyo msimu mmoja wa kupura uwele kwa Babu, Kondoa, makapi yakituwasha shingoni na uwanja mzima ukinukia nafaka kavu. Pale nyumbani ilikuwa sheria: mtoto aliyeiinua hapigwi, ila mateka hufanya kazi. Siku moja binamu yangu Rama alizubaa, mbuzi wakala uwele ulioanikwa. Bibi akaja na fimbo, akamkuta Rama kasimama wima, karatasi juu ya kichwa.

"Shusha hiyo."

"Sishushi, Bibi. Nimeshatekwa."

Bibi alijikaza, akashindwa, akacheka mpaka mtandio ukamwanguka. Rama alichota maji hadi jioni. Babu alisema tu, "Asiyekubali kushindwa si mshindani," akaendelea kupepeta. Wengine tulitamani kutekwa, maana mlinzi wa mateka alikuwa Babu mwenyewe, na mfukoni hakukosa karanga. Tulikuwa watundu kweli, lakini sikumbuki mtoto aliyeiogopa nyumba ile.

Hadithi hiyo nimemsimulia Zuhura tangu ananyonya. Sasa ananiuliza, "Mama, kwani Babu alikudanganya?" Hapo ndipo damu inaponichemka. Fimbo hata mimi nilichapwa shuleni, zikapoa. Hilo swali halipoi.

Jana nimepeleka malalamiko kwa Afisa Elimu Kata, nikasubiri mpaka yakagongwa muhuri. Nimeandika: "Naomba mwanangu arudishiwe karatasi yake mbele ya darasa lote, na mwalimu amweleze, kwa mdomo wake, kwa nini alimpiga mtoto aliyekwisha kusalimu amri."