Mguu Uliobaki Mlimani

Mimi hulala ndani ya gari. Wenzangu husinzia, mimi nalala kabisa, mdomo wazi, toka kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka mpaka tunapoingia Lilongwe. Mume wangu husema nimepita barabara hii miaka yote bila kuiona, na hakosei. Ninachokijua ni sauti zake. Najua tumeacha vumbi na kupanda lami kokoto zinaponyamaza chini ya miguu yangu. Najua tumefika kwa wauza nyanya anaposhusha gia, kwa sababu hata akiwa hana haja ya nyanya lazima awasalimie.

Sauti ile ilinijia ndani ya usingizi wa namna hiyo. Niliota niko kwetu Bukavu, nashona sketi ya mtu asiyekuja kuichukua, na cherehani inalia kwa sauti nyembamba, kama inavyolia ikikosa mafuta. Nikashona, nikashona, sketi haikuisha. Ziwa lilikuwa dirishani, limetulia, na mtu fulani alikuwa anakaanga samaki wa sambaza chini ya nyumba. Nikaamka mkono wangu unatafuta kichupa cha mafuta mapajani. Cherehani haikuwepo. Kilio kilikuwepo.

"Papa batoto, gari iko nalia."

"Lala, mama. Ni upepo."

Upepo gani huo unaokaa ndani ya gari na madirisha yamefungwa? Mume wangu hukubali kukosolewa kwa mambo ya watoto, ya ugali, hata ya namna anavyoomba kanisani, lakini kuendesha ni kwake. Nikafumba macho, nikasikiliza. Kililia njia nzima, kikitulia kidogo tu na kurudi. Nilikifahamu. Kilio hichohicho kilitupeleka kwa fundi mvua zilipoanza, tukabadilisha kifaa, kikakoma. Sasa mahindi yalikuwa hayajakauka na kimerudi.

Gari si letu. Ni la bwana mmoja wa mtaa wa Area 18, Lilongwe, aliyempa mume wangu abebee watu na mizigo, pamoja na vitambaa vyangu vya kushona kutoka sokoni Mchesi. Aliposikia gari linalia tena, alisema tumrudishie Jumamosi alisikie mwenyewe. Kama giaboksi inakufa, ataliuza vipandevipande.

Niliogopa, na sikuogopea gari. Bukavu mume wangu alikuwa dereva wa teksi. Mwaka wetu wa kwanza kambini, bila usukani, alikaa kwenye kizingiti cha nyumba kuanzia chai mpaka jua kuzama. Hakuwa mgonjwa wala mkali. Alikaa tu, na mguu wake wa kushoto ukawa unakandamiza udongo polepole, unaachia, unakandamiza, mpaka pakawa na shimo. Nilikuwa nalifukia nikifagia asubuhi, jioni nalikuta tena. Maneno aliyoniambia mwaka ule yangetosha kwenye bahasha. Siku alipopewa ufunguo alirudi nyumbani akiimba, na mimi nikaenda kulia nyuma ya choo ili asinione.

Ijumaa tulikwenda kwa fundi, mtaa wa Chinsapo. Ni Mmalawi mpole, ana Kiswahili cha kuokota kwa wateja wake, na anapenda kusikiliza kabla ya kushika spana. Alisimamisha gari, akatoa gia, akaacha injini ingurume. Akakanyaga klachi: kilio. Akaachia: kimya. Akakanyaga tena: kilio. Akatueleza taratibu. Sauti ikianza ukikanyaga, ni beringi ya klachi. Ingekuwa inakoma ukikanyaga, basi ugonjwa umo ndani ya giaboksi. Ikilia kwenye gia moja peke yake, ni meno ya gia hiyo. Kisha akatuchukua mimi na mume wangu, akaendesha mwenyewe mpaka mbali, akipanda gia moja baada ya nyingine.

Sijawahi kupita Chinsapo kwa utulivu namna ile. Kila alipobadilisha gia beringi ililia kidogo, basi. Katikati palikuwa kimya kabisa. Nilisikia nguo za watu zikipigwa na upepo kwenye kamba, nilisikia kengele za kabaza, baiskeli za kubeba abiria, nilimsikia mwanamke akiita mteja wa mandazi. Karibu nilale.

"Palibe," fundi akasema. Yaani hakuna shida, giaboksi ni nzima. Kisha akakuna kichwa. Beringi ile aliitia mpya kwa mikono yake, na kuna kitu kinaila.

Mume wangu alikasirika. Njiani kurudi alimsema fundi toka Chinsapo mpaka mji ukaisha. "Alituekea ya zamani! Sasa unaisikia? Na kwake ilinyamaza. Iko nanichekelea, hii gari!"

Ni kweli lilikuwa linalia, mfululizo. Sikulala. Lile lile gari, barabara tambarare, fundi akiendesha linanyamaza, mume wangu akiendesha linalia. Niliinama kama mtu anayefunga kiatu, nikatazama chini ya usukani. Mguu wake wa kushoto ulikuwa juu ya klachi. Haukuwa unakanyaga, lakini uzito wake ulitosha kuiliza beringi. Ulikuwa umepumzika pale, mwepesi, kama mkono juu ya kichwa cha mtoto. Nikaelewa, na moyo ukaniuma.

Bukavu ni milima mitupu. Foleni ikisimama kwenye mteremko, pua ya gari inatazama mawingu, mwenzako yuko nyuma yako karibu kukugusa, na breki ya mkono ilishakufa kabla hujalinunua gari. Dereva wa kule hulishika gari kwa klachi, ambreyaje kama tunavyoiita kwetu, na mguu hauondoki hapo, kwa sababu ukiondoka utashuka na watu mpaka ziwani. Mtu asiyejua hivyo haitwi dereva. Mume wangu alifanya hivyo nusu ya maisha yake. Mazoea yana taabu.

Kwetu mke hamwambii mume maneno ya hivyo mbele ya watu, kwa hiyo nilishukuru tulikuwa wawili.

"Papa batoto, si fundi. Ni mguu yako. Uko unaiweka juu ya ambreyaje njia yote."

Alisimamisha gari kando ya shamba la tumbaku. "Mguu yangu? Mi nimeendesha mbele hujajua kushona kifungo!"

Akaliondoa gari kwa kishindo mpaka Dzaleka. Jioni alikaa kizingitini. Nilikuwa napepeta maharage, nikauona mguu ukianza: unakandamiza udongo, unaachia. Nilitaka kuushika kwa mikono miwili.

Jumamosi, Area 18, mwenye gari aliketi mbele kushoto, mimi nyuma. Mume wangu akaliondoa. Mitaa ile ni mizuri, ya uzio na maua ya zambarau yanayomwagika juu ya kuta, lakini niliyafumbia macho. Nilipokaa sikuweza kuuona mguu. Nilikuwa na masikio tu. Gia ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kilio kikaanza, chembamba, na kikaendelea. Mwenye gari akainamisha kichwa kusikiliza. Nikaomba kwa maneno yote niliyofundishwa, na mengine ya kwangu.

Kikakoma.

Tulizunguka mtaa mzima ndani ya kimya hicho. Tuliporudi langoni mume wangu akazima injini, akamwambia mwenye gari kwa Kichewa chake kilichovunjika kwamba giaboksi ni nzima, beringi imelika, na aliyeila ni mguu wake mwenyewe. Yule bwana akamtazama, akacheka kwa wema, akasema zikomo, asante. Ufunguo ukabaki pale ulipokuwa, kwa mume wangu.

Kurudi, taa nyekundu ilitusimamisha. Mbele, nyuma, pembeni, Lilongwe ilikuwa imelala bapa. Alikuwa ametoa gia, na mguu wake ulikuwa chini, bapa pia. Kisha ukaanza kuinuka wenyewe. Akaushusha. Ukainuka. Alikuwa anatokwa jasho.

"Mama," akasema bila kunitazama, "na ikirudi nyuma?"

"Irudi wapi, papa? Hapa hakuna mlima."

Taa ikawa ya kijani. Waliokuwa nyuma wakapiga honi, na hatukuondoka.

"Ndio vile," akasema. "Hakuna."