Mto wa Mwenzangu

Mwaka 2018 nilikuwa mlinzi wa duka mtaa wa Kensington, ugenini kusini mwa Afrika, na chumba cha mtaa wa Yeoville nilikipanga pamoja na Mkongomani mmoja wa Lubumbashi. Mwenzangu huyo alipata kazi niliyoitaka mimi. Bwawa moja la mjini lilikuwa limevunjwa, mto ukaachiwa upite wenyewe, na watu wakaajiriwa kupanda matete kwenye kingo ili ndege na samaki warudi.

Kila jioni alirudi na matope kwenye buti, akinisimulia jinsi msimamizi alivyomsifu. Nilimsikiliza huku nikipiga pasi sare yangu. Mimi ndiye niliyezaliwa Rufiji, nikalima mpunga kwenye tope linaloletwa na mafuriko. Yeye mito alikuwa akiiona darajani tu.

Jumapili moja, alipotoka kanisani, akanipeleka kuona. Walikuwa wamepanda upande wa nje wa kona, pale pale maji yanapogonga. Nikajua matete hayatadumu. Mji wote ni lami na mapaa. Mvua ikinyesha, maji huteremkia mtoni kwa mkupuo. Akaniuliza naonaje. Nikamwambia pamependeza.

Mvua za kwanza zikabeba ukingo na matete yake. Alirudi mapema, akakaa kitandani bila kuvua buti. Naona aibu kuandika kwamba nilifurahi.

Wiki hiyohiyo dada yangu akapiga simu kutoka nyumbani. Alisema upande wa juu wa mto wetu litajengwa bwawa kubwa la umeme, na mama anauliza, mafuriko yasipokuja, tope la shambani litatoka wapi. Nilipokata simu nikamtazama mwenzangu akisugua buti zake, na ile furaha ikaniisha. Nikamweleza yote.

"Ulikuwa unajua, ndugu, na ukanyamaza?"

"Nilikuonea wivu."

Siku mbili hakunisemesha. Ya tatu akaniomba nikamwonyeshe pa kupanda. Nikamwonyesha upande wa ndani, ambako mto huacha mchanga, na matete yakashika. Alimwambia msimamizi kwamba mawazo yalikuwa yangu. Msimamizi akanipungia mkono, kisha akaendelea kumsifu yeye. Iliniuma, na nilirudi Yeoville kwa miguu peke yangu.

Nilipompigia mama, nikamwambia huku bwawa wamelivunja ili mto upumue. Akauliza hao watu wa huko walimwomba nani ili livunjwe.