Darubini ya Bernadina

Simpendi Bernadina, na hapa Hirbadaw hakuna asiyejua. Ni mjane wa kaka yangu Joakimu. Kaka alipofariki aliacha shamba la ekari nne na bunduki ndogo, ile ya risasi nyembamba ya kufukuzia tumbili. Nilijua bunduki itakuja kwangu. Bernadina akazungushwa ofisini miaka miwili, na goti lake bovu na fimbo yake, mpaka kibali kikatoka kwa jina lake. Anang'ang'ania kama kupe.

Nitasema na jambo la pili, kwa kuwa sasa kila mtu analo mdomoni. Mashamba yetu yanapakana, na mpaka ni safu ya minyaa aliyoipanda kaka. Macho ya Bernadina yalipofifia na goti likakataa kumfikisha upande wa chini, nilikata minyaa ile usawa wa udongo, nikafukia visiki na kuchomeka matawi hatua moja ndani kwake. Mnyaa hauna ubishi, ukiuchomeka unashika. Kila kiangazi nikayang'oa matawi, nikasogea hatua nyingine. Miaka minne, hatua nne. Sikuona haya. Nina wana watatu wa kuwagawia ardhi, yeye ana binti mmoja, naye ameolewa Mbulu.

Shida ilikuwa visiki vya kaka. Kila mvua ikianza vilichipua katikati ya mahindi yangu, nami nilivikata kabla mtu hajaviona.

Mwaka huu Bernadina akasema haoni tena vyuma vya kulengea, anataka bunduki ifungwe darubini. Mwenye darubini haangalii tumbili tu. Nikajitolea kumsindikiza Arusha, nihakikishe anarudi na takataka.

"Shikamoo mama," alisema muuzaji wa duka la bunduki.

"Marahaba. Nataka darubini ya bunduki ya risasi ndogo."

Mimi nilikuwa nimeshaiona niitakayo, nene, ndefu kama mchi. "Shemeji, chukua hii," nilisema. "Inavuta mara ishirini na nne. Utaona mpaka kilele cha mlima Hanang."

"Mlima Hanang siulimi," alijibu. "Kutoka dunguni kwangu, ninapokaa kulinda tumbili, hadi mpakani ni hatua sitini. Nenda nje, hesabu sitini, usimame."

Akanipa kiberiti nikishike juu. Nilisimama kando ya barabara ya Arusha, mtu mzima na koti langu, watu wananipita wakicheka. Nilimchukia siku hiyo kuliko siku zote.

Niliporudi, muuzaji alikuwa anamweleza, na aliyoyasema yalikuwa kweli, ndiyo yaliyoniudhi. Ile kubwa ni ya bunduki kubwa za kupiga mbali. Kitu cha karibu inakifanya ukungu, na tundu lake linaonyesha eneo dogo, tumbili ataondoka hujampata. Tena ni nzito, itaielemea bunduki nyepesi. Akampa nyingine, fupi, ya kuvuta mara nne, iliyotengenezwa ionyeshe vizuri kwenye hatua kama hamsini. Bernadina akazungusha pete ya nyuma taratibu, ikafuata jicho lake. Akanirudisha barabarani.

"Shemeji," aliniita kutoka mlangoni, "kiberiti umekishika kichwa chini."

Akainunua hiyo. Tukakaa siku nne kwa mpwa wake, eti apumzishe goti, na siku zote nne mvua ilinyesha kwetu Hanang. Nilikuwa nakula wali wa watu huku nawaza visiki.

Asubuhi baada ya kurudi, kabla sijapata nafasi ya kushuka shambani, akaniita dunguni. Gerald, mwenyekiti wa kitongoji, alikuwa ameshafika. Bernadina alikaa juu, darubini mkononi, haijafungwa hata kwenye bunduki.

"Wanawake wangu wa palizi huwa nawagawia mistari," alisema. "Kila mwaka inapungua. Nilidhani wananidanganya ili wafanye kazi kidogo. Nikawanunia bure." Akampa Gerald darubini. Gerald akatazama kwa muda, akanipa mimi.

Niliona vizuri mno. Visiki kumi na kimoja, kila kimoja na machipukizi mabichi, vimenyooka katikati ya mahindi yangu kama siku kaka alipovuta kamba.

"Ni magugu," nilisema.

"Nicodemo," alisema Gerald, "panga unalo kiunoni. Anza."

Nilirudisha mpaka kwa mikono yangu, tawi baada ya tawi, maziwa ya mnyaa yakiniwasha vidole. Mahindi ya hatua nne yakawa yake, pamoja na mbolea niliyoweka. Bernadina hakushuka dunguni. Hakunitukana wala hakunicheka, na ningemshukuru kama angefanya mojawapo.

Nilipochomeka tawi la mwisho na kunyoosha mgongo, sauti yake ikaja kutoka juu.

"Shemeji, hilo limepinda."

Nikatazama. Lilikuwa limepinda.