Koti Lililobaki Kazini

Juzi saa saba mchana, katika ofisi moja mjini Kitui, mama mmoja alikuwa akingoja sahihi kwenye fomu ya shule ya bintiye, na basi la Mutomo lilikuwa karibu kuondoka. Karani akaelekeza kidevu kwenye kiti kitupu kilichovikwa koti.

“Mkubwa yuko. Si unaona koti?”

Mama akalikunja koti, akalitia kwapani, akavuka barabara hadi hotelini. Nami niliyekuwa nyuma yake kwenye foleni nikamfuata. Mkubwa alikuwa ameshika ubavu wa mbuzi, sahani ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, mbele yake.

“Mwanangu, koti lako nimelibembeleza, halijui kuandika.”

Mkubwa alicheka mpaka akakohoa, akapangusa vidole, akatia sahihi. Basi likapatikana.

Sasa nikiwa na shida ya ofisi saa saba mchana, naanzia hotelini. Foleni ni fupi, na supu ipo.